Somo: Mzigo wa Tawi Usiachiwe Mama Mmoja

Somo hili ni la vikundi vya masomo katika matawi ya viwanda vya Mbarara na ya mashamba makubwa, na pia ni la ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanaoishi kwa kazi ya kibarua. Lisomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, ili na wasiojua kusoma wapate kushiriki. Kama ni refu, ligawanywe kwa siku 2.

Jambo lenyewe ni hili. Katika matawi mengi, mwanamke akichaguliwa kuwa kiongozi, mwaka wa kwanza hufanya kazi vizuri sana. Mwaka wa pili hukonda, hukasirika upesi, na huanza kukosa mikutano. Mwaka wa tatu hujiuzulu, au hukaa kimya akingoja uchaguzi umtoe. Hapo watu husema: "Tuliwaambia, wanawake hawawezi." Akina dada wengine wakiona hayo hukataa kugombea. Mwajiri naye hufurahi, maana mtu aliyekuwa akizijua kesi zote ameondoka nazo kichwani.

Chama kinasema kwamba hapo aliyeshindwa si yule mama. Lililoshindwa ni tawi. Tutaona kwa nini, na tutaona la kufanya.

1. UCHOVU HUU NI WA NAMNA GANI?

Kila mfanyakazi huchoka. Ukichuma chai kutwa nzima, au ukisimama kwenye mashine zamu nzima, mwili unachoka, unalala, asubuhi unaamka una nguvu. Uchovu tunaouzungumza leo ni mwingine. Huu hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja. Unaingia polepole. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 1974 daktari mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati ya bure mjini New York. Aliona kwamba walioanguka mapema hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojitoa zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuandika uchovu huu katika orodha yake, likasema unatokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu usiopata utaratibu mzuri. Halikuuita ugonjwa. Lilisema ni jambo la kazi. Dalili zake kuu ni 3:

(a) Nguvu zimekwisha. Mtu anaamka amechoka kama alivyolala.

(b) Moyo umejitenga na kazi. Yule aliyekuwa akiwahurumia wenzake sasa akisikia hodi anasema moyoni, "Wamekuja tena hawa."

(c) Kazi haifanyiki vizuri kama zamani. Barua zinasahauliwa, kesi zinalala, na mwenyewe anajiona hafai.

Angalieni vizuri maneno hayo, "jambo la kazi". Ikiwa ni jambo la kazi, basi dawa yake ya kwanza ni kuipanga kazi upya. Na kazi ya chama ni kazi, hata kama haina mshahara. Sisi tunaodai kila siku kwamba mwajiri asimtumie mtu kupita kiasi, haifai tumtumie mwenzetu vivyo hivyo.

2. TUHESABU MASAA

Mwalimu wa kikundi achore mstari ubaoni au mchangani, aandike siku ya mama mmoja ambaye ni katibu wa tawi. Tuchukue mfano huu:

Saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi: kuchota maji, kuwasha moto, kuwatayarisha watoto. Masaa 2.

Saa 1 hadi saa 2: kwenda kazini kwa miguu. Saa 1.

Saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni: kazini, pamoja na mapumziko ya chakula. Masaa 9.

Saa 11 hadi saa 12 jioni: kurudi nyumbani. Saa 1.

Saa 12 jioni hadi saa 3 usiku: kupika, kuogesha watoto, kufua. Masaa 3.

Saa 3 hadi saa 5 usiku: watu wanabisha mlangoni. Huyu amekatwa mshahara, huyu ametukanwa na nyapara, huyu amepigwa na mumewe. Masaa 2.

Jumla ni masaa 18. Yamebaki 6 ya kulala, ikiwa mtoto haumwi. Kwa wiki, kazi ya mlangoni peke yake ni masaa 14, bado mkutano wa Jumapili.

Sasa andikeni pembeni siku ya mwenyekiti mwanamume wa tawi hilo hilo. Kazini masaa yake ni sawa na ya mama. Njiani ni sawa. Tofauti iko alfajiri na jioni, ambapo kwa kawaida kuna mtu mwingine anayempikia na kumfulia. Ndiyo maana yeye anaweza kukaa katika uongozi miaka 10, na watu wakasema ana kipaji. Kabla ya kusifu kipaji chake, tumtazame anayembebea maji.

Hesabu ya pili ni hii. Tawi lina kamati ya watu 7. Kama kila mjumbe angeshika mlango jioni moja kwa wiki, kila mtu angefanya masaa 2 tu kwa wiki mahali pa 14 ya mtu mmoja. Mzigo ule ule, watu wale wale. Kilichobadilika ni utaratibu.

3. NAKIVALE MZIGO UNA MAMBO YAKE

Makazi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, kusini ya Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wamo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Wengi hulima viwanja vyao vidogo, na hutafuta kibarua katika mashamba ya migomba ya wenyeji au hushuka Mbarara kutafuta kazi.

Huko mama kiongozi hubeba mambo ambayo katibu wa kiwandani hayaoni. La kwanza, yeye ni mkalimani. Mwenye shamba anasema Kinyankole, kibarua anasema Kiswahili, Kirundi au Kisomali, na mama anayejua lugha 3 huitwa kila mahali, kwa mganga, kwa polisi, ofisini. La pili ni chakula. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilianza kugawa msaada nchini kwa makundi, kufuatana na shida ya kila nyumba, na mwaka 2025 likapunguza tena kwa ukosefu wa fedha. Uamuzi huo haukufanywa na mama kiongozi, lakini mlango uliobishwa ni wake. La tatu, kibarua analipwa kwa siku. Siku moja aliyompeleka mwenzake hospitali ni siku moja bila mshahara.

Tuseme kweli hapa. Zamu ya mlango haitaongeza unga ndani ya gunia. Umaskini na upungufu wa msaada hauondolewi na utaratibu wa kamati. Lakini utaratibu unaweza kuzuia shida ya watu wote isimmalize mtu mmoja ambaye wote wanamhitaji kesho.

4. MAFUNZO MAWILI TULIYO NAYO TAYARI

Funzo la kwanza ni sanduku la akiba. Akina mama wengi wa Nakivale na Mbarara wanavijua vikundi vya kuweka na kukopa. Utaratibu huu ulianza nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli 3, na funguo zinashikwa na watu 3 mbalimbali. Sanduku linalala kwa mtu mwingine. Mwandishi ni mwingine, wahesabu fedha ni wawili, mwenyekiti ni mwingine, na kila mwaka uchaguzi unafanywa. Kufuli ziliwekwa kwa sababu ya wizi, lakini tazameni faida nyingine: mwenyekiti akiugua, kikundi hakifi. Kila mtu anaijua kazi yake na anaiona kazi ya mwenzake. Kama tunajua kulinda fedha zetu kwa watu 3, mbona kesi za wafanyakazi tunazifungia ndani ya kichwa cha mtu mmoja?

Funzo la pili linatoka Tanganyika. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954. Mtu mmoja hawezi kubisha hodi katika kila nyumba ya Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, na alijua kwamba wanawake wa mji walikwisha jipanga katika vikundi vya ngoma vyenye viongozi wao. Akawaendea viongozi hao. Kila mmoja akawaleta watu wake, na kwa muda mfupi wanawake waliingia kwa maelfu. Bibi Titi alifanya kazi nyingi mno, lakini kazi ile aliifanya kwa mikono ya wengi. Kila tawi lina vikundi vyake vya namna hiyo: wanaochuma mstari mmoja, wa zamu moja, wa kanisa moja au msikiti mmoja, wa kikundi kimoja cha akiba. Humo ndimo wasaidizi wanamopatikana.

5. HATUA ZA TAWI

Haya ndiyo mambo ambayo kamati inaweza kuyaanza mwezi huu, bila kungoja fedha kutoka makao makuu:

(a) Kila cheo kiwe na msaidizi wa kweli. Msaidizi akae pamoja na kiongozi katika kesi 3 za kwanza, akisikiliza. Katika kesi 3 zinazofuata, msaidizi aseme na kiongozi asikilize. Baada ya hapo aende peke yake.

(b) Zamu ya mlango. Karatasi ibandikwe yenye siku na jina la mwenye zamu. Kesi za akina mama za siri zipelekwe kwa wanawake wawili waliochaguliwa kwa kazi hiyo, si kwa mmoja.

(c) Daftari la kesi. Tarehe, jambo, aliyelishika, lilipofikia. Mambo ya siri yaandikwe kwa namba, bila jina. Kiongozi akiugua leo, mwenzake afungue daftari kesho na kazi iendelee.

(d) Nauli na vocha ya simu vitoke katika mchango wa tawi. Kiongozi asikopeshe watu fedha zake kwa jina la chama. Mwenye shida ya fedha, shida yake ije mbele ya kamati.

(e) Mikutano ianze mapema na imalizike kabla ya giza. Saa moja na nusu inatosha, kama mambo yameandikwa. Watoto wakae na wanaume wawili kwa zamu wakati wa mkutano. Jambo hili watu hulicheka mara ya kwanza tu.

(f) Orodha ya wakalimani, wasiopungua wawili kwa kila lugha.

(g) Mapumziko. Kila kiongozi apumzike wiki 2 kwa mwaka, na msaidizi ashike cheo. Hicho ndicho kipimo cha tawi. Tawi likisimama wiki 2 bila yeye, mmejenga. Likianguka, mmemnyonya.

(h) Kipindi cha uongozi kiwe na mwisho, na makabidhiano yafanywe kwa maandishi.

Wengine watasema: "Lakini watu wanamtaka yeye tu." Ni kweli, wanamwamini. Basi imani hiyo imsaidie kuwatambulisha wenzake. Aseme mbele ya watu, "Huyu dada nimemfundisha, na hili lako atalimaliza yeye." Mara moja au mbili watu watanung'unika. Kesi ya kwanza ikishinda, watazoea.

6. SHERIA IKO UPANDE WETU

Mama kiongozi asidhani kuwa kupumzika ni hisani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi asilazimishwe kufanya kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila siku ya kupumzika. Inampa likizo ya siku 7 zenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo. Mama aliyejifungua ana siku 60 za kazi zenye mshahara kamili, na angalau wiki 4 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Mimba, na pia kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Kanuni za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi 4. Ikipita hapo, ana haki ya mkataba wa maandishi.

Kwa ndugu zetu wakimbizi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, na imevitaja wazi vyama vya wafanyakazi katika haki yao ya kujiunga. Asiwepo mtu wa kuwatisha kwamba chama si chao.

Tena, Pendekezo namba 143 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1971, linasema mwakilishi wa wafanyakazi apewe muda wa kufanya kazi ya uwakilishi bila kukatwa mshahara. Jambo hili lidaiwe katika mkataba wa hali bora. Masaa machache kila wiki yakipatikana wakati wa kazi, ni masaa machache yaliyorudishwa kwa watoto na kwa usingizi.

Na ikumbukwe: mama kiongozi anayewadai wenzake haki ya likizo, huku yeye mwenyewe haichukui, anawafundisha wenzake kinyume cha anachosema.

7. MAMA KIONGOZI MWENYEWE

Dada, nawe una sehemu yako. Kila jambo likija mlangoni, jiulize maswali 3. Je, ni la chama? Je, ni la leo? Je, ni la kwangu?

Kama si la chama, mwelekeze mtu panapohusika. Mshahara uliokatwa ukishindikana mezani hupelekwa kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja hapo Nakivale huenda kwa viongozi wa baraza la wakimbizi, lile liitwalo RWC. Kama si la leo, liandike daftarini na utaje siku. Kama si la kwako, mpe mwenye zamu. Lakini mwanamke aliyepigwa au aliyenajisiwa asiambiwe arudi kesho. Huyo asindikizwe zahanati na polisi saa hiyo hiyo, na wasindikizaji wawe wawili.

Usiahidi yasiyo katika uwezo wako. Ahadi ya bure huondoka na usingizi wako. Useme, "Nitauliza na Jumanne nitakujibu," ujibu Jumanne, hata kama jibu ni hapana.

Tena kuna jambo gumu kulisema. Wakati mwingine kiongozi hupenda kuitwa. Anafurahi kuwa jambo haliendi bila yeye, basi haachi funguo. Furaha hiyo ina bei, na bei yake hulipwa na mwili wake kwanza, kisha na tawi. Mkono mmoja haulei mwana.

Ukiona huna usingizi wiki nyingi, huna hamu ya chakula, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakuja, hilo limepita mambo ya zamu na daftari. Mwambie mmoja unayemwamini, uende zahanati. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu, kama ilivyo si aibu kwenda kufungwa mkono uliovunjwa na mashine.

8. NDUGU WANAUME

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaona ni mwepesi kwa sababu haumo kichwani mwetu. Kama mkeo ni kiongozi, jerikeni 2 za maji alfajiri ni mchango wa chama sawasawa na fedha ya kila mwezi. Kama mwenzako katika kamati ni mwanamke, usimwachie kila mara kuandika kumbukumbu, kupika chai, na kufuta machozi ya watu, halafu wewe ukazungumze na mkurugenzi. Kazi ngumu na kazi ya heshima zigawanywe zote mbili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika tawi letu, ni nani anayezijua kesi zote? Akiugua kesho asubuhi, ni kazi gani zitasimama?

2. Hesabuni masaa ya kiongozi wenu mwanamke, kama tulivyofanya katika kifungu cha 2. Yeye mwenyewe awepo, na aseme mahali mlipokosea.

3. Wanawake wangapi wamejiuzulu uongozi katika tawi letu? Je, kuna mtu aliyewahi kwenda kuwauliza sababu?

4. Chagueni hatua 2 katika kifungu cha 5. Andikeni nani atazisimamia na zitaanza siku gani.

Ndugu wafanyakazi, majibu ya swali la 4 yasomwe katika mkutano mkuu ujao wa tawi, na karatasi ya zamu ibandikwe siku hiyo hiyo. Tukimchagua mama kwa kura, tumpe na watu wa kufanya nao kazi.

Umoja ni nguvu.